SAMAKI MKUNJE ANGALI MBICHI

Kuna ubishi darasani mwetu juu ya treni za chini ya ardhi. Wengine husema Homa Bay haitaendelea mpaka ichimbiwe reli kama London. Wengine hucheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nauliza: kwani hao wa London walichimba kwa nini?

Reli ya kwanza ya chini ya ardhi duniani ilifunguliwa London mwaka wa 1863. Barabara zilikuwa zimejaa magari ya farasi, na nyumba zilikuwa zimebanana hata hapakusalia nafasi ya kupitisha reli juu. Ikabidi wachimbe, kwa gharama kubwa. Barani Afrika, Cairo ndio uliotangulia, mwaka wa 1987. Lakini faida waliipata. Mkazi hutembea hatua chache tu kutoka kwake, akashuka ngazi, akakuta paa, taa na nauli inayojulikana. Treni nayo huondoka hata kama viti havijajaa.

Majirani wetu wa Dar es Salaam hawakuchimba. Mwaka wa 2016 walianzisha mabasi ya mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni, yenye njia yake na vituo vyake. Hata Nairobi, kituo cha treni cha Syokimau kilifunguliwa Novemba 2012, karibu na makao ya watu.

Sasa tutazame kwetu. Reli ilifika Kisumu mwaka wa 1901, lakini Homa Bay haijafika hadi leo. Sisi wa kutwa tunaotoka Makongeni, Sofia na Shauri Yako tunategemea miguu, matatu na bodaboda. Matatu husubiri ijae, na makanga huwaita watu wazima kwanza. Mvua ikinyesha, vitabu vinalowa. Tunaambiwa haraka haraka haina baraka, lakini hebu mwambie hivyo mwalimu wa zamu pale langoni saa moja asubuhi! Wasichana ndio wanaoumia zaidi. Giza likiingia, wengine hulazimika kupanda bodaboda ya mtu wasiyemjua.

Najua wapo watakaosema mji wetu ni mdogo, mambo ya vituo yangoje. La hasha! Udogo wake ndio nafasi yetu. Plotí zikishajengwa zote, tutajuta kama wale waliolazimika kuchimba. Naiomba serikali ya kaunti itenge ardhi ya vituo katika kila mtaa sasa hivi, ijenge vibanda vyenye paa na taa, na ikubaliane na wenye matatu juu ya saa za kuondoka asubuhi na jioni.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Sisi watu wa ziwani tunamjua samaki. Akishakauka, ukimkunja atavunjika.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu