Msizime mguso wa kinanda!

Najua nimenyamaza wiki kadhaa. Kazi ya kuandika programu haijui Jumamosi. Leo narudi na hasira, na hasira yenyewe inahusu kinanda.

Jumapili iliyopita nilikuwa nyumbani Mbumbuni. Kanisani kuna kinanda kidogo kisicho na sauti yake chenyewe, kile cha kuunganishwa na laptopu kwa waya wa USB. Mpwa wangu wa miaka 12 alikaa akapiga wimbo mzima bila kukosea, na hakuna aliyemsikia. Fundi wa mitambo akamwambia mkono wake ni mwepesi mno, arudi kwaya mpaka apate nguvu. Akamkalisha kijana mmoja wa miraba minne, kisha, kwa kuwa hata huyo hakumridhisha, akauzima mguso kabisa. Kila noti ikawa inatoka 127. "Sasa kinasikika, ndugu," akaniambia. Kilisikika kweli, kama honi ya matatu.

Jamani, kinanda hakipimi nguvu! Chini ya kila kitufe mara nyingi kuna swichi mbili. Ukibonyeza, ya kwanza inagusa, halafu ya pili, na kompyuta ndogo iliyo ndani inahesabu muda uliopita katikati. Muda mfupi, sauti kubwa. Basi. Tangu MIDI ianze mwaka 1983, kasi hiyo huandikwa kwa namba kutoka 1 hadi 127, na 0 maana yake noti imeachiliwa. (MIDI 2.0 ya mwaka 2020 imepanua namba hizo hadi zaidi ya 65,000, lakini huku kwetu tungali tunagombana na 127.) Na kanuni za MIDI zenyewe zinasema kinanda kisichoweza kupima kasi kitume 64, yaani katikati. Hiyo 127 ni uamuzi wa fundi.

Kutoka muda hadi namba kuna mkunjo, yaani jedwali tu: mguso huu, namba hii. Aliyelijaza alikuwa kiwandani na hakumjua mtoto wa Mbumbuni. Jedwali ni programu, na programu hubadilishwa. Mtoto ndiye hatakiwi kubadilishwa.

Baada ya ibada nilifungua programu inayoonyesha namba zinazoingia, nikamwambia mpwa apige polepole, kawaida, kisha kwa nguvu zake zote. Kawaida yake ilikuwa 40 hivi. Nguvu zake zote hazikufika 80. Nikaandika mistari sita: gawanya namba kwa 127, ipandishe kwa kipeo cha 0.6, zidisha tena kwa 127. 40 ikawa kama 63. 127 ikabaki 127. Mkono mwepesi ukasikika na mzito haukuharibika. Kama hujui kuandika programu, tafuta kwenye menyu ya kinanda chako. Vingi vina chaguo la mguso laini, wa kati na mgumu. Ila usirekebishe kwenye kinanda na kwenye laptopu pia, maana utakunja mara mbili halafu ulaumu waya.

Nawasikia wanaosema mbona ogani haina mguso. Kweli, ukipiga sauti ya ogani, zima ukipenda, hata ogani yenyewe haijali umegonga vipi. Lakini piano ilipata jina lake kwa sababu inaweza kunong'ona na kupaza sauti. Na sisi Wakamba, tuliokua tukisikia ngoma za kilumi, ni nani atatufundisha kwamba kofi jepesi na kofi zito ni kitu kimoja? Mpokonye mpiga ngoma tofauti hiyo, atabaki akigonga debe.

Wengine watasema kanisa linunue kinanda cha bei. Kwa harambee ya nani? Hiki kilichopo hakina kasoro. Nimekipima mwenyewe.

Mpwa alirudia wimbo ule kanisa likiwa tupu. Ubeti wa mwisho aliushusha taratibu, nami nikausikia nikiwa mlangoni. "Mjomba, kumbe kilikuwa kizima?" akaniuliza.

Faili nimeliacha kwenye laptopu ya kanisa. Fundi anasema atalifuta nikishapanda gari la Nairobi. Nakala ninayo, na mpwa nimeshamwonyesha pa kulirudisha.