Tovuti ya Habari Ipimwe kwa Msomaji Wake

Wahenga walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Msemo huo wafaa kukumbukwa na kila mtengenezaji wa tovuti za habari, kwa maana nyingi kati ya tovuti hizo zimegeuka kuwa soko la kelele. Mwalimu afunguapo simu yake wakati wa mapumziko ili ajue yaliyotokea nchini na duniani, hupokewa kwanza na tangazo lililoifunika habari, kisha video inayojicheza bila kuombwa, kisha kisanduku kinachomtaka akubali masharti asiyoyasoma. Habari yenyewe huja mwisho, na pengine kifurushi alichokinunua kwa jasho lake kimekwisha njiani.

Kwa sababu hiyo, tovuti ya Idhaa ya Kiswahili ya BBC, ambayo wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wameizoea na kuipenda, yastahili kutazamwa kwa makini. Idhaa hiyo ilianza kutangaza kwa redio mwezi Juni 1957, na kazi ya redio ina kanuni moja kubwa: jambo kuu lisemwe kwanza, kwa maneno yanayoeleweka. Tovuti yake haikuitupa kanuni hiyo. Vichwa vya habari hueleza jambo lenyewe. Herufi nyeusi hukaa juu ya ukurasa mweupe. Na katika simu ndogo habari hupangwa kwa safu moja, hata msomaji akazipitia kwa kidole kimoja. Zaidi ya hayo, lipo toleo la maandishi matupu, lililoondolewa picha na video, ili kurasa zifunguke upesi hata mahali penye mtandao hafifu.

Asitokee mtu akadhani kwamba toleo la namna hiyo ni sadaka kwa maskini. Mwezi Septemba 2017, kimbunga Irma kilipolikabili jimbo la Florida nchini Marekani, shirika la CNN liliwaelekeza wasomaji wake kwenye toleo lake la maandishi. Hata katika nchi tajiri, saa ya hatari inapofika, habari isiyo na mapambo ndiyo inayomfikia mwananchi.

Hata hivyo, sifa zisifunike kasoro. Tovuti hiyo, kama nyingine nyingi, huonyesha orodha ya habari zilizosomwa zaidi. Kusomwa sana si sawa na kuwa na uzito. Mkasa wa mchezaji mmoja waweza kuketi juu ya habari ya bei ya chakula cha mamilioni, na msomaji akaamini kuwa ndivyo dunia ilivyo. Kupanga habari kwa uzito wake ni wajibu wa mhariri, wala wajibu huo haukabidhiwi kwa hesabu ya vidole. Vilevile, toleo la maandishi halimfai asiyejua kuwa lipo. Mlango wake sharti uwe wazi katika kila ukurasa.

Vipimo vya kazi hii havikosekani. Mwaka 2008 shirika la W3C, linaloweka viwango vya wavuti, lilitoa mwongozo unaotaka, pamoja na mengine, maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi iliyo nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, ili mwenye macho dhaifu naye asome.

Somo hili haliwahusu waandishi wa habari peke yao. Ofisi za umma nazo zina tovuti, na humo mna fomu, matokeo ya mitihani na matangazo ya kazi. Kila mtumishi mwenye dhamana ya tovuti hizo na aifungue kwa simu ya bei nafuu, mbali na mji, kwa kifurushi alichokilipia mwenyewe. Akishindwa kupata anachokitafuta, ajue kuwa mwananchi alishindwa siku nyingi kabla yake.