Ulimi wa Mgeni

Siku hizi chache tulipita katika mtaa mmoja wa Kadutu, hapa Bukavu, tukawakuta watoto wakicheza. Miongoni mwao alikuwamo mgeni wa miaka sita hivi, ambaye jamaa zake walikimbia vita upande wa Shabunda. Alipofungua kinywa, Kiswahili chake kikatoka na sauti ya Kirega. Wenzake wakanyamaza, wakamgeukia mama mmoja aliyeketi mlangoni akichambua maharagwe. Mama akacheka. Ndipo watoto wote wakacheka, na mgeni hakusema tena.

Hatusemi kwamba watoto wale ni wabaya. Mwaka 2007 wataalamu Katherine Kinzler, Emmanuel Dupoux na Elizabeth Spelke walitoa habari za majaribio waliyofanya Marekani na Ufaransa. Waliona kwamba mtoto wa miezi 5 au 6 humtazama zaidi mtu aliyesema lugha ya nyumbani. Wa miezi 10 hupenda kupokea kitu cha kuchezea kwa mtu kama huyo. Na wa miaka 5 huchagua rafiki mwenye matamshi ya kwao. Basi kupenda sauti tuliyoizoea si kosa. Lakini dharau ni jambo jingine: dharau hufundishwa. Watoto wale walimtazama mkubwa kwanza, wapate kujua kama ni halali kucheka.

Wala tusidhani kwamba huo ni mchezo tu. Kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, chatusimulia jinsi Wagileadi walivyoshika vivuko vya Yordani na kumwamuru kila apitaye atamke neno moja. Mwefraimu aliyekosea sauti moja aliuawa. Nasi watu wa Kivu, tulioonja vita tangu 1996, twajua vema kwamba mtu aweza kupimwa kwa ulimi wake.

Basi tufanyeje? Kwanza, tusiige matamshi ya jirani kwa kumdhihaki mbele ya watoto. Pili, mgeni akija, tumwombe awafundishe watoto wetu salamu za kwao, nao wamfundishe za Mashi. Tatu, mtoto akicheka, tumwulize kwa upole: Na wewe ukifika Shabunda, utasema Kirega kama nani?

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mama yule angalimwitikia mgeni, watoto nao wangalimwitikia.