KALEWA AU ANAUMWA? ULIZA KWANZA



Ndugu zangu, jirani yangu mmoja hapa Wambaa alikamatwa njiani jioni. Anayumba, maneno hayatoki sawasawa, jasho linamtiririka, akishikwa anasukuma mikono ya watu. Askari wakasema huyu kalewa, wakamtia mahabusu. Habari ikafika kijijini kabla ya Isha. Na mimi, Allah anisamehe, nilisikitika nikaamini.

Kumbe ana maradhi ya sukari. Kadunga sindano yake, hakupata kula, sukari ikashuka. Mkewe alikwenda na kadi ya kliniki, akanyweshwa chai ya sukari, na baada ya robo saa anatusalimia kwa majina. Waliomuona akichukuliwa ni wengi. Waliosikia ukweli ni wachache. Pemba hii, mtu akishaitwa mlevi, jina hilo humfuata mpaka kwa wanawe.

Tusome. Maiz bin Malik, Allah amridhie, alipokuja kukiri zinaa, Mtume (SAW) aliuliza: ana wazimu? Akaambiwa hana. Akauliza: amekunywa pombe? Mtu akasimama akamnusa, asikute harufu. Imo katika Sahih Muslim. Tazameni mpangilio: maradhi yameulizwa mwanzo, ulevi baadaye, na huo ulevi haukudhaniwa, umechunguzwa.

Na pua nayo hukosea. Sukari ikipanda kupita kiasi, pumzi ya mgonjwa huweza kutoa harufu ya matunda, mtu akadhani ni pombe. Imamu Shafii, tunayemfuata sisi, hakukubali adhabu ya pombe isimame kwa harufu peke yake, kwa sababu ya shaka. Basi vipi isimame kwa kuyumba tu? Mwenye kifafa akizinduka huwa hajijui. Aliyepigwa na kiharusi ulimi humwia mzito. Aliyeumia kichwa hupepesuka. Wote hawa hawakuonja hata tone.

Mtasema: askari si daktari. Kweli, na mimi si daktari. Lakini kuuliza "una maradhi gani?" hakuhitaji chuo. Kutazama mfukoni kama kuna dawa au kadi hakuhitaji chuo. Kipimo cha sukari ni tone moja la damu kidoleni na sekunde chache. Ukishindwa kutambua, mpeleke hospitali. Mlevi akipelekwa hospitali hakuna aliyedhulumiwa. Mgonjwa akifungiwa mahabusu anaweza kufa kabla ya alfajiri, na damu hiyo utaulizwa.

Na sisi raia tusijivue. Surat Al-Hujurat haikuteremshwa kwa askari peke yao. Wenye sukari na kifafa, tembeeni na kadi zenu. Mkimkuta anayumba na bado anameza, mpeni kitu kitamu. Akiwa hajitambui msimtie kitu kinywani, mlazeni ubavu, mkimbizeni hospitali.

Jirani yangu nilimwendea nikamtaka radhi. Nawe kama uliwahi kumsema mtu, nenda leo.

Allah awaponye wagonjwa wetu na atusitiri sote. Amin.