REDIO YA BABU ISITOLEWE MATUMBO

Nyumbani kwetu Rumonge iko redio ya zamani, sanduku la mbao. Marehemu babu aliinunua alipokuwa akifanya kazi Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, kabla ya uhuru wa mwaka 1962. Miaka mingi sasa haisemi. Mjomba ataka kuyatoa matumbo yake, auze shaba, kisha atie ndani redio ndogo mpya. Asema, "Ya nini taabu? Sura itabaki ile ile." Mimi, kwa heshima zote, sikubaliani naye.

Kwanza, redio ile ni mwalimu. Ndani yake mna valvu, yaani taa za kioo. Waya ukipata moto, elektroni hutoka na kuvuka utupu uliomo. Transista, iliyobuniwa Marekani mwaka 1947, hufanya kazi hiyo bila moto, lakini humo huoni kitu. Katika valvu twaona moto ule kwa macho yetu.

Pili, mara nyingi valvu zenyewe bado ni nzima. Kinachoharibika ni kapasita za karatasi, vyombo vidogo vya kuwekea umeme, ambazo hunywa unyevu. Nasi wa kando ya ziwa unyevu twaujua. Kubadili hizo si kuiharibu redio. Lakini tahadhari! Umeme wa ndani hufika volti 200 na zaidi, na kapasita huweza kuushika hata redio ikiisha zimwa. Mwanafunzi asiguse bila fundi.

Wengine watasema, "Sisi hatukurithi redio." Basi na waige. Mwaka 1949 redio ya valvu na betri ilianza kuuzwa kwa pauni 5 katika Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo, kwenye ncha ya kusini ya ziwa letu hili hili. Sanduku lake lilikuwa duara la aluminiamu, hata ikaitwa kwa jina la sufuria. Na sufuria sokoni Rumonge hazikosekani! Ila mwenye kuiga aandike ndani: "Hii ni nakala," na mwaka alioitengeneza, asije akamdanganya mnunuzi.

Nakala inayojitaja ni elimu. Redio ya kale isiyo na matumbo yake ni uongo wenye sura nzuri.

Mjomba, nakuomba likizo moja tu, mimi na fundi. Ikikataa kusema, basi nami nitanyamaza.