Mcheza Kwao Atunzwe na Wengi

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Methali hii twaifundisha, ila hatuitendi. Katika Kibondo na Kasulu mpiga inanga hualikwa arusini, akashangiliwa kwa vigelegele, kisha jioni akarudi kwake na soda moja na shukrani tele. Arusi hiyo hiyo imechangiwa kwa simu miezi kadhaa. Mpishi amelipwa, mwenye ukumbi amelipwa. Msanii peke yake ndiye anayeambiwa kwamba sanaa ni mali ya jamii. Sisi twauliza: je, njaa yake nayo ni ya jamii?

Wapo wasemao kwamba msanii na atafute mfadhili. Hao wamesahau historia. Buha ya zamani iliujua ubugabire: mtu alipewa ng'ombe na bwana, naye tangu hapo akawa mtu wa bwana huyo. Utawala wa machifu ulifutwa nchini mwaka 1963, lakini ng'ombe yule angali akitolewa, sasa amo ndani ya bahasha. Msanii alishwaye na mkono mmoja hana budi kuusifu mkono huo. Siku ukifumbwa, hunyamaza.

Dawa tunayo. Mwaka 2013 ilianzishwa Marekani kampuni iitwayo Patreon, ambayo kwayo wapenzi wa msanii humlipa ada ndogo kila mwezi kwa njia ya intaneti, nayo kampuni hukata sehemu yake. Hatuna haja ya kuingojea. Sisi tumekuwa tukitumiana fedha kwa simu tangu mwaka 2008. Watu 200 wakitoa shilingi 500 kila mwezi, msanii atapata shilingi 100,000. Wala hakuna hata mmoja wao awezaye kumwamuru aimbe nini, maana akijitoa huyo wamebaki 199. Huo ndio uhuru wa msanii, nao hauletwi na hotuba.

Basi, ndugu walimu, anzeni ninyi. Kila shule na imchague mtunzi au mpiga ngoma mmoja wa wilaya yake, imwandikie wachangiaji, na daftari la michango liwe wazi kwa wote. Wanafunzi nao wajifunze kwamba shairi ni kazi, na kila kazi ina ujira wake. Tusipofanya hivyo, inanga itabaki picha kitabuni, nasi tutawasimulia wajukuu jinsi tulivyoipenda.