Loki ya mtandao inavyokula chaji Kyela

Katika kata ya Ngana, wilayani Kyela, karibu na mpaka wa Tanzania na Malawi, simu huulizwa mambo mawili kabla ya kamera na urembo wake: inashika mtandao, na inakaa na chaji? Kwa fundi simu, hizo ni kasoro mbili, kila moja na bei yake. Mpakani, hata hivyo, mara nyingi ni kasoro moja. Chanzo chake ni loki ambayo kampuni ya kwanza kuiuza simu hiyo iliiweka ndani yake ili ikubali laini za mtandao mmoja tu.

Simu haitumii nguvu sawa kila mahali. Kwenye 2G ya masafa ya megahezi 900, simu ya mkononi inaruhusiwa kurusha mawimbi kwa nguvu inayofika wati 2. Ikiwa karibu na mnara, mtandao huiamuru ishushe sauti yake hadi sehemu ndogo sana ya wati moja. Ikiwa mbali, au nyuma ya kilima, inapandisha hadi mwisho. Mtandao ukipotea kabisa, simu huanza kuutafuta, inapekua masafa moja baada ya jingine, na mwenye simu anashangaa kuona chaji imeshuka nusu ilhali hakupiga hata simu moja. Kwa hiyo simu ileile inayomaliza siku nzima Mbeya mjini inaweza kuzima mchana ikipelekwa kijijini, na betri isiwe na kosa lolote.

Vijijini kuna jambo la ziada. Minara mingi imejengwa kwa ruzuku ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ambao hugawa maeneo kwa kampuni za simu, kata hii kwa huyu na kata ile kwa yule. Mei 2023 serikali na kampuni hizo zilitia saini mikataba ya kujenga minara 758 nchini. Ni kazi njema. Lakini matokeo yake ni kwamba kijiji kimoja kina mtandao mmoja wenye nguvu, na ukivuka vijiji viwili mwenye nguvu ni mwingine. Wananchi wameshajua dawa: laini mbili, tatu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7, na kufikia 2024 laini za simu zilizosajiliwa nchini zilikuwa zimepita milioni 80.

Mwenye simu iliyofungwa kwa laini ya kampuni moja ya hapa nchini hana dawa hiyo. Akikaa penye mnara wa kampuni nyingine, simu yake inabaki kupigania mnara wa mbali kwa nguvu zake zote, kutwa kucha. Anayelipa vita hiyo ni betri.

Kyela ina mambo yake zaidi. Mto Songwe, unaotenganisha Tanzania na Malawi kabla ya kumwaga maji Ziwa Nyasa, una tabia ya kuhama mkondo wakati wa mafuriko, hata mpaka wenyewe ukawa suala la mazungumzo ya nchi mbili. Mawimbi ya simu hayana habari na mpaka huo tangu mwanzo. Mnara wa nyumbani ukipotea na wa ng'ambo, upande wa Karonga, ukisikika, simu hukimbilia huko, na salio linaweza kukatwa kwa bei za ugenini. Kampuni ya simu ya Celtel walijaribu kulitatua tatizo hili mapema: Septemba 2006 walifuta gharama za ugenini kati ya Tanzania, Kenya na Uganda, na mwaka uliofuata Malawi ikaingia. Leo wazoefu wa mpakani huingia kwenye mipangilio ya simu na kuchagua mtandao wenyewe. 

Loki hizi zinafikaje huku? Zamani wengi walizijua kupitia modemu za intaneti, zile za kuchomeka kwenye kompyuta, ambazo kila kampuni iliuza zikiwa zimefungwa kwa laini yake. Sasa njia kubwa ni simu za mtumba. Zinatoka Ulaya na Marekani, zinapitia Dubai au mfukoni mwa ndugu, zinatua Kariakoo, na kutoka hapo zinashuka mikoani. Muuzaji mwaminifu atasema mapema kwamba simu ni ya mtandao fulani. Asiye mwaminifu atakuachia ugundue mwenyewe laini inapokataliwa, na hapo ndipo hadithi ya fundi inapoanza, mara kwa programu, mara kwa kikadi chembamba kinachowekwa chini ya laini, na sasisho moja tu la simu likafuta kazi yote.

Huko loki zilikozaliwa, zimeanza kukatazwa. iPhone ya kwanza ilipotoka Juni 2007 ikiwa imefungwa kwa mtandao wa AT&T, kijana aitwaye George Hotz aliifungua kabla ya Agosti kwisha. Sheria zilichelewa, lakini zilifika. Marekani ilihalalisha kufungua simu kwa sheria ya Agosti 2014, Kanada ikapiga marufuku kuuza simu zilizofungwa kuanzia Desemba 2017, Uingereza ikafuata Desemba 2021. Simu zilizouzwa kabla ya tarehe hizo hazikuyeyuka. Nyingine ziko sokoni kwetu.

Betri nayo ina kifo chake cha taratibu. Betri ya lithiamu hupimwa kwa mizunguko ya kuchaji, na joto huiharakisha kuchakaa. Kyela iko bondeni, ziwa lenyewe likiwa na mwinuko usiofika mita 500 juu ya usawa wa bahari, na joto lake linajulikana kwa yeyote aliyeshuka kutoka Tukuyu, juu milimani. Simu inayochajiwa mara mbili kwa siku kwa sababu ya mtandao wa mbali inamaliza maisha yake kwa kasi mara mbili. Asiye na umeme nyumbani analipia kila mzunguko kwenye kibanda cha kuchaji.

Enzi za Nokia 1100, iliyotoka 2003 na kuuzwa zaidi ya milioni 250, betri ya BL-5C ilitolewa kwa ukucha na nyingine ikawekwa. Ikigoma, kulikuwa na chaja ya kobe, iliyochaji betri ikiwa nje ya simu. Simu janja za leo zimegundishwa kwa gundi, na kubadili betri ni kazi ya kuipasha moto simu na kuomba kioo kisipasuke. Umoja wa Ulaya umeamua kwamba kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vya mkononi ziweze kutolewa na mtumiaji, na tangu Juni 2025 simu mpya zinatakiwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo wa betri baada ya mizunguko 800.

Tanzania haiwezi kusema haina meno. Juni 16, 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia nchi nzima kwa namba zake za utambulisho, IMEI. Machi 2017 iliruhusu mtu kuhama mtandao bila kubadili namba, haki ambayo kwa mwenye simu iliyofungwa imebaki kwenye karatasi. Mamlaka hiyohiyo ndiyo inayoidhinisha aina za simu zinazoingia nchini. Iongeze masharti mawili: simu yenye loki ya mtandao isiuzwe, mpya au mtumba, bila kufunguliwa kwa gharama ya muuzaji, na muuzaji wa simu mpya aonyeshe betri ya akiba inapatikana wapi na kwa bei gani.

Simu za mkopo ni suala tofauti kidogo. Mkopeshaji akiizima simu ya mdaiwa asiyelipa, analinda fedha yake. Akiifunga pia kwa laini ya kampuni moja, anachukua kitu ambacho hakumkopesha mtu, na deni likiisha loki zote ziondoke siku hiyohiyo.

Wapo watakaosema masharti yatapandisha bei. Tecno na itel, zinazouzwa kwa bei nafuu madukani kote nchini, huja na nafasi za laini mbili na kwa kawaida zinakubali laini ya kampuni yoyote, kwa hiyo mzigo utawaangukia hasa waingizaji wa mtumba na wakopeshaji, ambao tayari wana mafundi na programu za kuifanya kazi hiyo.